Injini Iliyopungukiwa na Nguvu

Mwaka 1908, katika nchi ya Marekani, Henry Ford alianza kuuza motokaa iitwayo Model T. Ilitengenezwa mpaka mwaka 1927, na jumla yake ilizidi milioni 15. Hata leo ziko chache ziendazo. Lakini chombo kizee huchoka: kilima kilichopandwa jana, leo hakipandiki. Mwenye gari husema, "Petroli hii mbaya!" Je, ni kweli? Na tuiulize injini yenyewe.

Injini ile ina silinda nne, na ndani ya kila silinda pistoni hupanda na kushuka. Ikishuka, huvuta hewa iliyochanganyika na petroli. Ikipanda, huishindilia hata ibaki katika nafasi kama robo ya ile ya kwanza. Ndipo cheche huiwasha, na moto huisukuma pistoni chini kwa nguvu. Hewa ikivuja kabla ya kuwashwa, nguvu hupotea. Njia za kuvujia hasa ni tatu: pete za pistoni zilizolika, vali zisizofunga sawasawa, au gasketi iliyoungua chini ya kifuniko cha silinda.

Kwanza, zima swichi ya moto, ukaze breki. Kisha zungusha hendeli polepole, ukiivuta juu kwa mkono wa kushoto, na kidole gumba kiwe upande mmoja na vidole vingine. Kwa maana hendeli iliyorudi nyuma ghafula imevunja mikono ya watu wengi. Katika mizunguko miwili kila silinda hupata zamu yake ya kuukaza mkono wako. Zamu iliyo laini ndiyo yenye ugonjwa. Ili kuijua silinda yenyewe, ondoa plagi zote ila moja, ujaribu moja moja.

Pili, mimina kijiko cha mafuta ya injini katika tundu la plagi ya silinda ile, zungusha kidogo, rudisha plagi, ujaribu tena. Mafuta huziba mwanya wa pete. Basi nguvu ikirudi, pete au silinda imelika. Isiporudi, shaka ni vali au gasketi. Ukisikia pumzi ikitoka katika bomba la moshi, vali ya moshi haifungi. Na silinda mbili jirani zikiwa dhaifu pamoja, mara nyingi gasketi imeungua mahali zinapopakana.

Fundi asiyepima huifungua injini yote, akamaliza siku na fedha za mwenyewe bure. Tabibu mwema hapasui kabla ya kumwuliza mgonjwa mahali panapouma.