KISHIKWAMBI KIPYA: MBONA MISTARI INALALA UPANDE?

Kishikwambi si kitu cha mjini peke yake tena. Hapa Itetemia, na katika vijiji vyote vya Tabora, watu walikiona mlangoni kwao mwaka 2022. Tarehe 23 Agosti mwaka huo ilikuwa siku ya Sensa ya Watu na Makazi. Karani wa sensa alikuja bila lile bunda la karatasi la mwaka 2012. Alishika kibao chembamba chenye kioo, akauliza maswali, akabonyeza majibu kwa kidole. Hesabu ilipotoka, Mkoa wa Tabora ulikuwa na watu 3,391,679. Baada ya kazi ile, vishikwambi vya sensa viligawiwa walimu. Sasa watu wengine nao wananunua vyao, vidogo vidogo, kwa fedha ya tumbaku, ya asali au ya mpunga.

Basi tuseme kikundi chenu cha kuweka na kukopa kimenunua kimoja. Mweka hazina ameandika humo majina 40 ya wanachama. Majina yako kushoto, fedha ziko kulia. Siku ya kikao anakishika wima, anasukuma orodha kwa kidole ili aonyeshe michango. Mwanachama mmoja aliyeketi karibu anashtuka.

"Mweka hazina, mbona fedha yangu imekaa kwa mwenzangu?"

"Wapi, mama? Hebu ona, iko pale pale."

"Sasa hivi imerudi. Lakini nimeiona kwa macho yangu!"

Hapo ugomvi umeanza. Mama anafikiri anaibiwa. Mweka hazina anafikiri mama hajui kusoma vizuri. Mtu wa tatu anasema mama aende akapimwe macho. Wa nne anasema kioo kimeharibika, kipelekwe kwa fundi. Kumbe wote wanne wamekosea. Mama ameona kitu cha kweli, na hakuna aliyeiba.

KIOO HAKICHORWI KWA MARA MOJA

Watu wengi hudhani kwamba picha kwenye kioo hutokea yote kwa pamoja, kama unavyofungua dirisha ukaona nje. Sivyo. Kioo kina nukta ndogo sana, zimepangwa mistari kwa mistari kama matuta ya shamba. Kila picha inapobadilika, mashine huchora mstari wa kwanza, halafu wa pili, halafu wa tatu, mpaka wa mwisho. Kisha inarudi mwanzo. Katika vishikwambi vingi kazi hiyo hufanyika mara 60 katika sekunde 1. Ni haraka mno, jicho halioni kazi yenyewe. Lakini mstari wa kwanza bado umetangulia, na wa mwisho umechelewa kidogo.

Babu zetu Wanyamwezi waliijua habari hii kwa miguu. Walikuwa wapagazi katika njia ya misafara, kutoka Bagamoyo mpaka Tabora, na wengine wakaendelea mpaka Ujiji. Mbele alitangulia kirangozi. Asubuhi kirangozi akishaondoka, mtu wa mwisho katika msafara mrefu alikuwa bado anafunga mzigo wake. Ukiuliza, "Msafara umeondoka?", jibu la kweli ni kwamba kichwa kimeondoka, mkia bado.

Sasa wapange wapagazi hao bega kwa bega, wote wanatazama mbele. Waambie hivi: kila mtu apige hatua moja akiguswa na jirani yake wa kushoto. Wa kushoto kabisa anaanza, anamgusa wa pili, wa pili anamgusa wa tatu. Kabla amri haijafika kulia, mstari umelala upande. Na kama wa kushoto anaendelea kupiga hatua bila kupumzika, upande wa kushoto utakuwa mbele daima. Akisimama tu, wa kulia wanamfikia. Mstari unanyooka.

Ndivyo kioo kinavyofanya. Kama mistari ya nukta inachorwa kuanzia ubavu mmoja kwenda ubavu wa pili, basi ukisukuma maandishi kwenda juu, ubavu mmoja unapanda kwanza na mwingine unafuata. Maandishi yanalala. Yakisimama, yananyooka. Tena ukisukuma mbele na nyuma haraka haraka, ukurasa wote unaonekana kama uji mzito unaotikiswa kwenye bakuli.

PIGA HESABU

Je, kuchelewa huko ni kukubwa kiasi gani? Tuseme unasukuma orodha kwa mwendo wa sentimita 12 kwa sekunde. Huo si mwendo mkali. Sentimita 12 ni milimita 120. Kutoka ubavu mpaka ubavu kioo kinachukua karibu sehemu moja ya 60 ya sekunde. Gawa 120 kwa 60, unapata 2. Kwa hiyo upande unaochelewa uko nyuma kwa milimita 2 hivi.

Ukiongeza mwendo mara mbili, tofauti nayo inakuwa mara mbili, yaani milimita 4. Sasa chukua rula upime maandishi madogo ya orodha. Kutoka mstari mmoja mpaka mstari unaofuata huwa ni milimita 4 au 5 tu. Unaona? Kwa kufumba na kufumbua, mkabala na jina la yule mama inakaa fedha ya mtu aliye juu yake katika orodha. Fedha yake mwenyewe iko chini, kwa jirani. Kidole kikisimama, kila fedha inarudi kwa mwenyewe.

Kwa hiyo macho ya mama ni mazima. Na kitabu cha kikundi ni kizima.

HATA VYA BEI KUBWA

Msidhani kwamba mambo haya ni ya vishikwambi vya bei nafuu tu. Mwezi Septemba 2021 kampuni ya Apple ya Marekani ilitoa kishikwambi kidogo kipya kiitwacho iPad mini. Si kitu cha maskini. Siku chache tu baadaye wanunuzi walianza kulalamika: wakikishika wima na kusukuma maandishi, upande mmoja unatangulia. Mafundi wa iFixit walikifungua. Walieleza kwamba sehemu ya umeme inayoongoza uchoraji wa kioo ilikuwa imewekwa ubavuni.

Kampuni ilijibu kwamba hiyo ni tabia ya kawaida ya vioo vya aina hiyo. Jibu hilo lina ukweli, maana kila kioo cha aina hiyo huchorwa mstari kwa mstari. Lakini mimi naona halikumaliza neno. Kioo kikichorwa kutoka juu kwenda chini, herufi zote za mstari mmoja wa maandishi husogea karibu pamoja. Mistari inabanana au inaachana kidogo sana, na jicho halijali. Kikichorwa kutoka ubavu kwenda ubavu, mstari wenyewe unapinda, na jicho la mtu anayesoma linaona mara moja. Mwaka 2022 mnunuzi mmoja alikwenda mahakamani huko California kwa niaba ya wenzake. Alisema wapo waliopata kichefuchefu na kuumwa kichwa.

Hapo utaona pia dawa yake ya bure. Geuza kishikwambi. Kama ulikuwa umekishika wima, kilaze. Sasa ubavu umekuwa juu, na uchoraji unakwenda juu na chini badala ya kushoto na kulia. Maandishi hayalali tena. Kama kilikuwa kinalala wima na kikinyooka ukikilaza, umekwisha jua ugonjwa wake, wala hukulipa mtu.

KASORO NYINGINE ZINAZOFANANA

Lakini si kila mchezo wa kioo ni huo. Wakati mwingine unasukuma maandishi, yanakwama, halafu yanaruka kwa ghafla kama baiskeli yenye mnyororo mbovu. Hapo kioo hakina kosa. Mashine ndani imezidiwa. Labda umefungua programu nyingi kwa pamoja, labda umejaza picha na video mpaka pa kuweka hapana. Funga programu usizotumia, futa usivyovitaka, kizime kisha ukiwashe. Kama ni kipya, kitupu, na bado kinakwama kila mara, basi uwezo wake ni mdogo tangu kiwandani. Hicho hutakiponya. Ukiona hivyo dukani, kiache hapo hapo.

Kuna kingine kinachotisha watu zaidi. Maandishi yanakwenda yenyewe, au unagusa hapa kinajibu pale. Wengine husema kina mashetani! Kwanza futa kioo kwa kitambaa kikavu, maana jasho na vumbi huvuruga mguso. Pili, tazama kama kiko kwenye chaja. Chaja duni huingiza umeme mchafu, na kioo hudhani kimeguswa. Chomoa chaja ujaribu tena. Kikitulia, badili chaja. Kisipotulia, hapo kweli kuna ubovu, na haufai kuvumiliwa hata siku moja. Kioo kinachojigusa chenyewe kinaweza kufuta maandishi au kutuma fedha kwa mtu usiyemkusudia.

Na macho? Pima hivi. Acha maandishi yasimame kabisa. Soma. Halafu chukua gazeti la karatasi usome. Kama herufi zimefifia kote kuwili, na inabidi usogeze gazeti mbali ndipo uone, hiyo si habari ya kishikwambi. Watu wengi wakipita miaka 40 hupatwa na hali hiyo, na miwani ya kusomea huisaidia. Nenda hospitali ukapimwe. Lakini kama yakisimama unayasoma vizuri, na yakikimbia ndipo yanalala, usitoe fedha ya miwani.

Usitoe fedha ya fundi pia. Jambo hili nalisisitiza. Fundi akikubadilishia kioo kwa kingine cha aina ile ile, kitachorwa kwa njia ile ile, na mistari italala kama zamani. Umepoteza fedha, na pengine umepata kioo kisicho halisi.

DUKANI

Kabla hujalipa, omba kishikwambi kiwashwe bila chaja. Fungua kitu chenye maandishi mengi. Hata orodha ndefu ya mipangilio inatosha. Kishike wima, sukuma polepole, kisha haraka. Tazama pembe ya kushoto na ya kulia kwa wakati mmoja. Kilaze, rudia. Gusa kila kona ya kioo. Usione haya kama muuzaji ananuna. Fedha bado iko mfukoni mwako. Ukikubali, dai risiti yenye jina la kitu na tarehe, na uulize dhamana ni ya muda gani na inahusu nini. Risiti iwekwe pamoja na daftari za kikundi, siyo mfukoni mwa mtu mmoja. Ukiuziwa kitu kibovu na muuzaji akakataa kukusikiliza, Tume ya Ushindani iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2003 hupokea malalamiko ya walaji.

Lakini ukienda kulalamika kwamba maandishi yanalala yakisukumwa tu, jiandae kuambiwa kwamba ndivyo vilivyo. Heshima ya kioo hiki ni kwamba kinaposimama kinasema kweli. Msomaji anayesoma neno kwa neno husimamisha ukurasa kwanza, ndipo asome. Kwake kasoro hii ni ndogo kuliko kwa wale wanaosoma wakikimbia. Kama hakikuumizi kichwa, unaweza kuishi nacho. Kama kinakuumiza hata ukikilaza, mpe mwenzako akitumie, au kirudishe mapema kabla muda wa dhamana haujapita.

KATIKA KIKAO

Turudi kwa mweka hazina wetu. Kazi yake si kubwa. Akilaze kishikwambi mezani. Asisome wala kuonyesha jina lolote wakati orodha inatembea. Asukume, aondoe kidole, angoje orodha isimame, ndipo asome jina na fedha kwa sauti. Afadhali pia aweke majina machache kwa ukurasa na herufi kubwa. Ukubwa wa maandishi hubadilishwa kwenye mipangilio. Jina na fedha zikikaribiana, badala ya moja kuwa ukingo wa kushoto na nyingine ukingo wa kulia, tofauti inapungua, kwa sababu wapagazi wawili waliosimama karibu huguswa karibu wakati mmoja.

Daftari la karatasi liendelee kuandikwa. Betri huisha, na karatasi haina betri.

Kama kishikwambi kinajigeuza chenyewe kila kinapoinuliwa, shusha ile pazia ya juu kwa kidole, tafuta maneno kama "Zungusha kiotomatiki", uyaguse mpaka yazime. Kitabaki kimelala hivyo mpaka kikao kiishe.