Anwani Dhahania na Anwani Halisi katika Moduli ya Kerneli

Katika kompyuta ya kisasa, programu haiigusi kumbukumbu moja kwa moja, bali hupewa anwani dhahania, yaani namba ambayo prosesa huitafsiri kuwa anwani halisi ya mahali data ilipo kabla ya kusoma au kuandika chochote. Utaratibu huu, uliotumika katika kompyuta ya Atlas iliyozinduliwa Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, mwaka 1962, ndio unaoziwezesha programu mbili kutumia anwani ileile bila moja kuvuruga data ya nyingine.

Prosesa za x86 zenye biti 64 kwa kawaida huigawa kumbukumbu katika kurasa za baiti 4096. Anwani dhahania ya biti 48 husomwa kwa vipande: biti 9 za juu huchagua safu moja kati ya 512 za jedwali la kwanza, safu hiyo huelekeza kwenye jedwali la pili, na hivyo hivyo hadi la nne, ambalo hutaja ukurasa halisi, huku biti 12 za mwisho zikionyesha baiti inayotakiwa ndani ya ukurasa huo. Kwa kuwa kupitia majedwali manne kila mara kungechelewesha kazi, prosesa hutunza tafsiri za karibuni katika hifadhi yake ndogo ya ndani.

Moduli ya kerneli ni kipande cha programu kinachoongezwa kwenye kiini cha mfumo endeshi wakati kompyuta ikiwa kazini, kwa mfano ili kuendesha kadi ya mtandao. Ingawa ina mamlaka makubwa, nayo pia hutumia anwani dhahania, na hapo ndipo makosa mengi huzaliwa. Katika Linux, sehemu kubwa ya kumbukumbu halisi imepangwa sambamba na eneo moja la anwani za kerneli, hivyo kwa kumbukumbu iliyoombwa kwa kmalloc, anwani halisi hupatikana kwa hesabu rahisi ya kutoa, inayofanywa na virt_to_phys. Kumbukumbu iliyoombwa kwa vmalloc haiko hivyo, kwa sababu kurasa zake hufuatana katika anwani dhahania tu na huenda zimetawanyika katika kumbukumbu halisi. Hesabu ileile ikitumika hapo, hutoa jibu lisilo sahihi, na moduli inaweza kuharibu data isiyoihusu. Njia sahihi ni kutafuta kila ukurasa peke yake.

Anwani za programu za watumiaji zinahitaji uangalifu zaidi, kwani ukurasa unaweza kuwa umehamishiwa diski au ukahamishwa wakati wowote, hivyo moduli hulazimika kuomba ubanwe mahali pake kwanza. Kifaa nacho huenda kisitumie anwani halisi kabisa, maana katika mashine nyingi maombi yake hupita kwenye kitafsiri kingine cha anwani. Kwa hiyo mwandishi wa moduli hana budi kutumia kazi za kerneli zilizowekwa mahususi kwa vifaa, badala ya kujifanyia hesabu.

Anwani halisi ni siri yenye thamani. Machi 2015 watafiti wa Google walionyesha kuwa kusoma safu za kumbukumbu kwa kurudiarudia kunaweza kugeuza biti za safu jirani na kumpa mshambuliaji mamlaka ya kerneli. Kwa kuwa anwani halisi humsaidia mshambuliaji kujua safu zipi ni jirani, mwaka huohuo Linux iliwazuia watumiaji wa kawaida kuona anwani za kurasa halisi za programu zao.