Msitu wa Nilo na nyika ya Handeni

Ukifika Segera, njia panda ya Tanga, Moshi na Chalinze, nchi mbili zinaonekana kwa pamoja. Upande wa Handeni ni nyika ya miiba, mifugo na mahindi yanayosubiri mvua. Upande wa Korogwe, juu ya mashamba ya mkonge, safu ya Usambara imejifunika mawingu. Umbali kati yake ni mdogo sana. Kwa nini basi kule kunanyesha na huku kumekauka?

Jibu liko baharini. Upepo wa Bahari ya Hindi huja umebeba unyevu. Ukigonga mlima, hewa hupanda. Ikipanda hupoa, na mvuke wake hugeuka mawingu na mvua. Usambara Mashariki, iliyo karibu zaidi na pwani, ndiyo inayoupokea kwanza: Amani, wilayani Muheza, hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Handeni haina ukuta wa kuinua hewa hiyo katika tambarare yake, hivyo mawingu mengi hupita tu.

Kaskazini ya Amani, katika safu hiyohiyo, ndiko uliko msitu wa Nilo. Kilele chake kina mita 1,500 hivi, na eneo lake linazidi hekta 6,000. Mwaka 2007 ulitangazwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia. Hiyo si Hifadhi ya Taifa kama Udzungwa au Mkomazi. Iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), lakini ulinzi wake kisheria ni mkali: hakuna kukata mti wala kulima. Wengi wetu husikia neno hifadhi tukafikiria simba na tembo. Utajiri wa Nilo ni wa viumbe wadogo, na nasema bila kusita kwamba haupungui thamani kwa sababu hiyo.

Siri yake ni umri. Kilimanjaro ni volkeno, mlima kijana. Usambara ni miamba mikongwe iliyoinuliwa na mipasuko ya ardhi, na ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, inayoanzia Taita nchini Kenya hadi Udzungwa. Nguu, iliyokuwa Handeni kabla Kilindi haijawa wilaya, imo pia katika tao hilo. Zama za baridi za dunia zilipokausha misitu mingi ya Afrika, unyevu wa bahari uliendelea kuinywesha milima hii. Viumbe waliokufa kwingine wakabaki hapa, wakabadilika kwa namna yao.

Chukua vyura wa jenasi ya Nectophrynoides, wasiopatikana popote duniani isipokuwa katika milima ya Tanzania. Hawatagi mayai majini. Jike huzaa vitoto vilivyokamilika miguu, bila kupitia hatua ya kiluwiluwi katika dimbwi. Au chukua ua la Usambara, Saintpaulia, ambalo Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire alilikuta mkoani Tanga mwaka 1892 akapeleka mbegu kwao. Leo linapamba madirisha Ulaya na Marekani. Hapa kwake huota kwenye miamba yenye kivuli na unyevu. Mti wa juu ukianguka, jua hulikausha.

Hapo ndipo iliki inapoingia. Mkulima wa iliki huacha miti mikubwa na kufyeka ile ya chini, kwa hiyo ukitazama kwa mbali msitu unaonekana mzima. Kumbe miche ambayo ingekuwa miti ya kesho imekwisha, na baada ya miaka kadhaa mizee ikianguka hakuna ya kuirithi. Siwalaumu wakulima, kwa maana iliki inalipa ada za shule. Lakini yafaa ilimwe chini ya miti iliyopandwa mashambani, nje ya mipaka, na serikali iwape miche na soko.

Suala hili linaihusu Handeni vilevile. Mradi wa maji wa Handeni Trunk Main (HTM) huyavuta maji kutoka mto Pangani, upande wa Korogwe. Sehemu kubwa ya mto huo hutoka Kilimanjaro na Meru, lakini vijito vya Usambara huuongezea njiani: Mkomazi juu ya Korogwe, Lwengera upande wa mashariki. Msitu hupokea mvua kwa majani, huiacha izame polepole ardhini, kisha huitoa kidogo kidogo hata kiangazi. Mlima uliokatwa miti huimwaga yote kwa siku moja, pamoja na udongo.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa madiwani wa wilaya zote mbili, Handeni na Korogwe: zungumzeni pamoja bajeti ya kulinda misitu hii, kwa kuwa anayekunywa maji Handeni ana haki, na wajibu, sawa na anayeishi mlimani.