Kisogo cha mtoto na usingizi wa chali

Mwanangu alipofikisha wiki ya saba, mama alipiga simu ya video kutoka Tanga, kama kawaida yake kila Jumapili, akaniambia nimgeuze mjukuu wake amwone vizuri. Nikamgeuza. Mama akanyamaza, kisha akauliza: "Mwanangu, mbona kisogo kimelala hivyo? Huko mnamlaza chali kutwa kucha? Mlaze kifudifudi, kichwa kitakaa sawa. Na akicheua maziwa akiwa chali, si atapaliwa?"

Hofu hizo mbili za mama, kisogo na kupaliwa, si za Tanga peke yake. Dk. Benjamin Spock wa Marekani, ambaye kitabu chake cha malezi kilitoka mwaka 1946 na kikauzwa mamilioni ya nakala, kwa miaka mingi aliwashauri wazazi wawalaze watoto kifudifudi kwa sababu hizo hizo. Alihofia kwamba mtoto aliyelala chali akitapika atapaliwa, na kwamba kichwa kitabonyea upande mmoja. Wazazi wakamsikiliza, na wodi nyingi za Ulaya na Marekani zikafuata ushauri wa namna hiyo.

Mwaka 2005 watafiti wa London wakiongozwa na Ruth Gilbert walikusanya tafiti za zamani na kuzisoma upya kwa pamoja. Walikuta kwamba kufikia 1970 ushahidi wa hatari ya kulala kifudifudi ulikuwa tayari unatosha. Kama ungefanyiwa kazi wakati ule, watoto zaidi ya 10,000 wa Uingereza wasingekufa usingizini, na wengine wasiopungua 50,000 katika Ulaya, Marekani na Australasia. Niliyasoma hayo mtoto akiwa amelala kifuani pangu. Nikafunga kompyuta, nikakaa tu namsikiliza anavyopumua.

Hapa Uingereza mambo yaligeuka Desemba 1991. Mtangazaji wa televisheni Anne Diamond alikuwa amempoteza mwanawe wa miezi minne mwezi Julai mwaka huo. Akasafiri hadi New Zealand, ambako wazazi walikuwa wameshaanza kuambiwa wasiwalaze watoto kifudifudi, akarudi akiishinikiza serikali itangaze ujumbe huo kwenye televisheni. Utafiti wa Profesa Peter Fleming wa Bristol ulikuwa umeshaonyesha jambo hilo hilo. Tangu hapo vifo vya ghafla vya watoto wachanga nchini humu vimepungua kwa zaidi ya asilimia 80. Marekani ilianza kampeni yake mwaka 1994, na huko navyo vikapungua kwa zaidi ya nusu. Wazazi hawakupewa dawa wala mashine. Ujumbe mkuu ulikuwa kumgeuza mtoto.

Kuhusu kupaliwa, nilimweleza mama kwa mkono wangu mwenyewe, nikiuweka mlalo mbele ya kamera. Mtoto akiwa chali, njia ya hewa iko juu na umio uko chini yake. Maziwa yakirudi, yanabaki chini kwenye umio na mtoto anayameza tena. Akiwa kifudifudi, umio ndio unaokuwa juu, na kinachorudi kinateremka kwenye mlango wa hewa. Isitoshe, uso wake unazama kwenye godoro, anavuta tena hewa aliyokwisha kuitoa, mwili unapata joto, na usingizi unakuwa mzito kiasi kwamba hashtuki. Kulala ubavu nako hakufai, maana anabiringika kwa urahisi.

Lakini kuhusu kisogo, mama hakukosea. Baada ya kampeni zile, madaktari walianza kuletewa watoto wengi wenye vichwa bapa. Mifupa ya kichwa cha mtoto bado haijaungana, ni laini, na inafuata kinachoigusa. Utafiti uliotolewa Calgary, Kanada, mwaka 2013 uliwapima watoto 440 wa wiki 7 hadi 12, na karibu nusu yao walikuwa na ubapa wa kiasi fulani. Mara nyingi ni wa umbo tu, hauigusi akili, na hupungua mtoto anapoanza kukaa na kutambaa.

Hapo ndipo nilipojitazama. Nyumbani Tanga, mtoto anaamka na kupandishwa mbeleko, anatoka mgongoni kwa mama anakwenda mapajani kwa shangazi, na kichwa hakigusi kitu. Mimi mchana niko peke yangu kwenye fleti: kitandani, kiti cha gari, kigari cha kusukuma, kiti cha kubembea. Kote huko ni kisogo kinachobeba. Tatizo langu lilikuwa mchana, na nilikuwa karibu kulitafutia dawa usiku.

Basi usiku nikaacha vilevile: chali, godoro gumu lisilo na mto, kitanda chake chumbani kwetu kwa miezi sita ya mwanzo, bila kofia. Kusinzia naye kwenye sofa, hata dakika kumi, ni hatari kubwa, na mzazi mpya aliyechoka anaweza kupitiwa na usingizi hapo bila kujua. Mito ya kunyoosha kichwa inayouzwa mtandaoni niliiacha. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya dhidi yake mwaka 2022. Kofia ngumu za kurekebisha kichwa nazo ni karibu pauni 2,000, na jaribio la Uholanzi la 2014 halikuona tofauti ya maana kati ya waliovaa na wasiovaa.

Mchana ndio nilioubadilisha. Namlaza kifudifudi akiwa macho na mimi nikimwangalia, dakika chache mara kadhaa. Madaktari wa watoto wa Marekani wanataka jumla ifike dakika 15 hadi 30 kwa siku kufikia wiki ya saba. Nambadilishia mkono wa kunyonyeshea. Usiku mmoja kichwa kinakaa mwisho huu wa kitanda, usiku wa pili mwisho ule, maana anapenda kutazama dirisha na hivyo hageukii upande mmoja tu. Mtoto ambaye shingo yake inaelekea upande mmoja tu, au kichwa chake kina ukingo mgumu, apelekwe kwa daktari mapema, kwani huenda ni msuli uliokaza au mifupa iliyoungana kabla ya wakati.

Jumapili iliyofuata mama alinifundisha kufunga mbeleko kwa simu, kwanza kwa mbele, kwa kuwa shingo ilikuwa bado changa. "Uso wake uuone muda wote," alisema, "kidevu kisibane kifua. Sasa kaza hapo chini ya kwapa. Kaza, mwanangu, kanga haikatiki."