Kisangani: mbele ya panya wa Masako, ini la sokomutu wa Lindi

Msitu wa Masako, kilomita 14 kutoka mji wa Kisangani kwenye barabara ya zamani ya Buta, unajulikana na wanasayansi kwa sababu ya panya. Ni hifadhi tangu 1953. Humo ndimo Profesa Benjamin Dudu Akaibe alimofanyia utafiti wa panya na wanyama wadogo wanaokula wadudu, akautetea kama tasnifu ya udaktari kule Antwerp, Ubelgiji, mwaka 1991. Wanafunzi wengi wa Chuo Kikuu cha Kisangani wamejifunza kazi yao humo.

Ila kabla ya panya wa Masako kuandikwa vitabuni, misitu ya Kisangani ilikuwa imekwisha kutoa wanyama kwa ajili ya utafiti mwingine: ugonjwa wa ini.

Mwaka 1956, wakati mji ungali unaitwa Stanleyville, Wabelgiji wa maabara ya kitabibu, wakiongozwa na Ghislain Courtois, walifungua kambi kando ya mto Lindi. Mamia ya sokwe, ambao huku tunawaita sokomutu, walikamatwa porini na kufungiwa humo. Wengi walitumiwa kujaribu chanjo ya polio ya Hilary Koprowski.

Mwaka 1958 akafika kijana Mjerumani, Friedrich Deinhardt, akitokea hospitali ya watoto ya Philadelphia, Marekani. Yeye alitafuta kitu kingine. Homa ya ini ilikuwa inaambukiza watu, lakini hakuna aliyekuwa amekiona kirusi chake, wala hakikukubali kukua katika maabara. Je, sokomutu anaweza kuugua kama mtu?

Ini ndilo linalotunza sukari ya mwili, linalotengeneza nyongo na kusafisha sumu. Likijeruhiwa, vimeng'enya vyake vinavuja na kuingia katika damu. Kwa hiyo haikuwa lazima kumpasua mnyama: anachomwa sindano yenye kirusi cha mtu, kisha damu yake inapimwa tena na tena. Kazi hiyo ilichapishwa mwaka 1962 katika jarida la Marekani. Majina ni ya Deinhardt, Courtois, Osterrieth, Ninane na wengine, Wazungu watupu. Wakongomani waliowalisha na kuwashika wanyama hao kila siku hawamo katika orodha ya waandishi.

Kwa Deinhardt huo ulikuwa mwanzo. Mwaka 1967, akiwa Chicago, yeye na wenzake walieleza jinsi walivyohamisha ugonjwa kwa tumbili wadogo wa Amerika Kusini kwa damu ya daktari mpasuaji aliyejulikana kwa herufi G.B. Alifariki 1992. Miaka mitatu baadaye virusi vipya vilitambuliwa kutokana na kazi hiyo, navyo vikapewa zile herufi mbili.

Lindi yenyewe ilikuja kusemwa kwa jambo lingine. Mwaka 1999 Mwingereza Edward Hooper alidai katika kitabu chake kwamba chanjo ile ya polio ndiyo iliyoleta Ukimwi. Mwaka 2004 watafiti walionyesha katika jarida la Nature kwamba kirusi cha sokomutu wa karibu na Kisangani ni tofauti kabisa na kile cha Ukimwi wa watu. Dai likaanguka, lakini kelele zake zilikuwa zimekwisha kufunika habari ya ini. Ni hasara, maana ini ndilo linalowahusu wakaaji wa Kisangani hadi leo.

Waliolirudia ni madaktari wa hapa hapa. Mwaka 2007 Salomon Batina Agasa na wenzake walichapisha utafiti juu ya magonjwa yanayopatikana katika damu ya wachangiaji. Mwaka 2010 wakaandika juu ya wagonjwa wa drepanositozi, yaani selimundu, wanaoongezewa damu mara nyingi, na wakaonyesha uzito wa homa ya ini C kwao. Mtoto wa namna hiyo anaokolewa na damu ya mtu mwingine, na damu hiyo hiyo, isipopimwa vizuri, inaweza kumpa kirusi kitakachomla ini polepole kwa miaka mingi bila dalili. Homa ya ini C haina chanjo. Dawa za vidonge za kuiponya zipo sasa, lakini ni kwa yule aliyepimwa akajua.

Katika makala hiyo ya 2010, jina la kwanza ni la Batina Agasa. Wenzake wa Kongo na wa Brussels wanamfuata.