Kabla hujanunua pikipiki ya spoti iliyotumika

Wadau, wengi tunaitamani Yamaha R6. Ila jueni: ina injini ya 599cc na nguvu za farasi zaidi ya 110, wakati Boxer ya 100cc ya bodaboda ina kama 8 tu. Ndo maana wazoefu wanashauri uanze na Ninja 250 au 300. Ukizidisha mafuta kwa bahati mbaya, 250 itakushtua, 600 inaweza kukuzika.

Ukienda kuikagua, ikute injini ya baridi. Muuzaji akiwa ameshaipasha moto, huenda anaficha kuwa inawaka kwa shida. Angalia ncha za usukani, breki na sehemu za kukanyagia: mikwaruzo upande mmoja maana yake ilishalala chini. Kwenye tairi soma tarakimu nne za mwisho za DOT. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi zee halishiki lami vizuri hata kama si kipara. Namba ya chesisi lazima ifanane na ya kwenye kadi.

Halafu tenga kwanza hela ya helmeti, glovu, jaketi na buti. Isipotosha, punguza pikipiki, siyo helmeti.

Wenye nazo, ongezeeni hapo chini!