Hamu ya mwanamke haikomi pamoja na hedhi

Sifa ya katerero imewatangulia Wahaya kila pembe ya Tanzania: namna ya kukutana ambayo raha ya mwanamke ndiyo shabaha. Tena, kwa desturi ya Buhaya, kuanzia Kashozi hadi Muleba, anayetarajiwa kumfunda bibi harusi mambo ya chumbani ni shangazi, mwanamke mtu mzima. Ajabu ni kwamba mwalimu huyohuyo, akishapita miaka hamsini, huchukuliwa kama mtu ambaye somo lake halimhusu tena. Fikra hiyo si sahihi, na inawagharimu wanawake afya yao.

Mwili hubadilika, hilo halina ubishi. Wengi hukoma hedhi kati ya miaka 45 na 55. Homoni ya estrojeni hushuka, na ngozi ya uke huwa nyembamba na kavu. Mwanamke anayeumia kila akikutana na mumewe huanza kuliogopa tendo lenyewe, kisha hofu hiyo hupewa jina la kukosa hamu. Ongeza usiku wa kuamshwa na joto la ghafla na jasho, au dawa za sonona, ambazo baadhi yake hupunguza ashiki. Testosteroni, homoni nyingine inayochangia hamu, haisubiri hedhi ikome. Huanza kupungua polepole tangu ujanani. Kwa hiyo wanaodai kwamba kila kitu huisha siku moja hawasemi habari ya mwili.

Mwaka 2007 Stacy Lindau na wenzake walichapisha utafiti wa Wamarekani zaidi ya 3,000, wake kwa waume, wenye miaka 57 hadi 85. Katika kundi la miaka 57 hadi 64, asilimia 73 walikuwa wakishiriki tendo la ndoa. Katika kundi la miaka 75 hadi 85, asilimia 26. Wanawake walishiriki kidogo kuliko wanaume, lakini pia wengi wao zaidi hawakuwa na mwenzi. Kati ya wanawake waliokuwa wakishiriki, asilimia 43 walitaja hamu ndogo na 39 walitaja ukavu. Msomaji atasema Marekani si Kashozi. Kweli, na kwa suala la mwenzi tofauti hiyo inaipa hoja nguvu zaidi. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera, mkoa ilipo Kashozi, mwaka 1983, na miaka iliyofuata iliacha wajane wengi. Sheria ya Ndoa ya 1971 inampa mjane uhuru wa kuolewa tena na amtakaye. Lakini kanuni za sheria za mila za mwaka 1963 zinasema mjane hana fungu katika urithi ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Mama anayekaa kwenye kibanja cha marehemu kwa hisani ya wanawe na shemeji zake hupima mara mbili kabla ya kumkaribisha mwanamume. Ukimya wake hautuambii lolote kuhusu hamu yake.

Wapo watakaosema mwanamke aliyezaa na kulea ana haki ya kupumzika. Nakubali kabisa, mradi mapumziko hayo ameyachagua mwenyewe. Utafiti mwingine wa Marekani, wa mwaka 2008, uliohusisha wanawake zaidi ya 31,000, ulikuta hamu ndogo kwa asilimia 39 hivi, lakini waliokuwa na hamu ndogo na wakasumbuliwa nayo walikuwa kama asilimia 10 tu. Asiyesumbuka si mgonjwa, na mume hana ruhusa ya kumlazimisha. Anayesumbuka ndiye anayestahili msaada, na upo: vilainishi, krimu ya estrojeni ya ukeni inayoandikwa na daktari, au kubadilishiwa dawa.

Tatizo ni kwamba mwanamke huyo haulizwi. Utafiti wa taifa wa afya ya uzazi wa mwaka 2022 uliwahoji wanawake wa miaka 15 hadi 49, yaani unakomea pale pale mabadiliko haya yanapopamba moto. Katika mkoa wenye historia ya Kagera, kudhani kwamba bibi wa miaka 58 hana mwenzi kuna hatari zaidi, kwa sababu uke mkavu huchubuka kwa urahisi na michubuko huwa njia ya virusi. Muuguzi anayempima presha anaweza kumuuliza kwa adabu, faraghani, kama ana mwenzi, kama anaumia, na kama angependa kupima VVU.